Njia ya Hewa Kwanza: Mpangilio wa Feni ndani ya Kasha la Kompyuta



Nimeombwa niseme nanyi mafundi na wanafunzi juu ya feni, nami nitaanza kwa kuzisengenya kidogo. Feni haipozi hewa. Ukiiwasha chumbani usiku, hewa ya chumba inabaki na joto lile lile. Unayepoa ni wewe, kwa kuwa jasho lako linakauka upesi zaidi. Prosesa haitoki jasho. Kwa hiyo ndani ya kasha la kompyuta feni ina kazi moja tu: kuiondoa hewa iliyokwisha kupata joto na kuleta nyingine ambayo bado. Hakuna kitu humo ndani kitakachopoa kushinda hewa ya chumba, hata ukifunga feni kumi. Fundi anayeanza kwa kuuliza "niweke feni ngapi?" ameanzia mwisho. Mwanzo ni njia: hewa iingie wapi, ipite juu ya nini, itokee wapi.

Tupige hesabu, maana bila hesabu mambo haya huishia kwenye ubishi. Tuchukue kompyuta ya kijana anayehariri video za harusi. Prosesa yake ni Ryzen 5 5600, ambayo kwenye boksi imeandikwa wati 65 lakini ikibanwa na kazi huruhusiwa kuzidi hapo. Kadi ya grafiki ni RTX 3060, wati 170. Ongeza mazabodi, diski, na umeme unaopotea ndani ya pawa saplai. Tunakaribia wati 300. Umeme huo hauendi popote. Video inahifadhiwa kwenye diski, na wati zote zile, karibu kila moja, zinabaki ndani ya kasha kama joto.

Kilo moja ya hewa huhitaji takriban jouli 1,005 ili ipande joto kwa nyuzi moja, na mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la pwani yetu ina uzito wa kilo 1.15 hivi. Ukitaka hewa inayotoka nyuma izidi ile iliyoingia mbele kwa nyuzi 10 tu, lazima upitishe kama mita za ujazo 93 kila saa. Kwa kipimo cha Kimarekani kinachoandikwa kwenye maboksi ya feni, futi za ujazo kwa dakika, ni kama 55. Feni moja nzuri ya milimita 120 huandikiwa kiasi hicho, pengine zaidi.

Feni moja! Basi mbona kompyuta yenye feni 6 huchemka?

Kwanza, namba ya kwenye boksi imepimwa feni ikiwa peke yake, bila chujio, bila wavu, bila kioo mbele ya uso wake. Ukiifunga ndani ya kasha, kila kizuizi kinakata sehemu yake. Pili, na hili ndilo kubwa, hesabu niliyoipiga inadhani kwamba hewa yote iliyoingia imegusa kitu cha moto kabla ya kutoka. Mara nyingi haikugusa. Imeingia kwa mlango huu, ikatokea kwa ule wa jirani, ikaenda zake.

Angalieni pia namna hesabu ile inavyopungua utamu. Ukipitisha hewa maradufu, tofauti ya nyuzi 10 inashuka kuwa 5. Ukiongeza maradufu tena, inakuwa 2 na nusu. Nafuu ya mwanzo ni kubwa, inayofuata ni nusu yake, na kadiri unavyoendelea unanunua kelele na taa za rangi.

Kuna swali ninaloulizwa kila mara na wenzetu wa Nairobi: je, hewa ya kule juu, ambayo ni nyepesi, haidhuru kompyuta? Inadhuru kidogo. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mita moja ya ujazo ya hewa yake ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na ya Dar es Salaam. Feni inayozunguka kwa kasi ile ile inasukuma ujazo ule ule, lakini ndani yake mna hewa kidogo zaidi ya kubeba joto, kwa hiyo nyuzi 10 zetu kule zinakuwa karibu 12. Sasa weka hali ya hewa. Mchana wa Februari Dar inagonga nyuzi 32. Mchana wa Julai Nairobi inacheza kwenye 22. Kasha la Dar litatoa hewa ya nyuzi 42, la Nairobi 34. Mtu wa Nairobi amepoteza nyuzi 2 na kupata 10. Asilalamike. Wanaostahili kuwa waangalifu ni sisi wa pwani, kwa sababu tunaanza tukiwa tayari tumeshakula sehemu ya akiba.

Suala la njia si geni. IBM PC ya 1981 ilikuwa na feni moja tu, ndani ya pawa saplai, ikivuta hewa ya kasha na kuitupa nyuma, na ilitosha, kwa kuwa prosesa yake, Intel 8088, haikuhitaji hata kipande cha bati cha kuipoza. Mwaka 1995 Intel ilipotoa kanuni za ATX, zile ambazo hadi leo ndizo zinazoamua matundu ya skrubu ya mazabodi mnazofunga, waliandika kwamba feni ya pawa saplai ivute hewa kutoka nje na kuipuliza ndani, juu ya prosesa. Kwenye karatasi ni wazo la mtu mwenye akili: feni moja, kazi mbili. Kwenye kasha, hewa ile ilifika kwa prosesa ikiwa imeshapashwa moto na pawa saplai yenyewe. Matoleo yaliyofuata yakaugeuza mwelekeo, hewa ikawa inatoka.

Jaribio la pili mnalo madukani mwenu. Mwaka 2004 Intel ilileta mpangilio mwingine ulioitwa BTX. Prosesa ilisogezwa mbele, jirani na uso wa kasha, na hewa ikapita kwa mstari ulionyooka kutoka mbele hadi nyuma. Kufikia 2006 Intel ilikuwa imekwisha kuuacha. Prosesa mpya za Core 2 zilikuja na joto dogo kuliko zile za Pentium 4 zilizoleta taharuki, na watengenezaji hawakuona sababu ya kubadili viwanda. Lakini fungueni Dell OptiPlex 745 ya mnara, miongoni mwa hizi zilizoingia kwetu kama mitumba: utakuta feni mbele, kipozaji nyuma yake, na bomba la plastiki linaloviunganisha. Plastiki ile hairembi kitu. Inailazimisha hewa ipite katikati ya mapezi ya kipozaji badala ya kuzunguka pembeni. Naona mafundi wakiitoa wakati wa kusafisha, wakiiona kero, na kompyuta inarudi kwa mwenyewe bila plastiki. Rudisheni plastiki.

Sasa tuje mezani. Hii ni feni ya milimita 120. Izungusheni mkono kwa mkono. Upande mmoja uko wazi, mapanga yanaonekana yote. Upande wa pili una miguu minne inayoshika mota. Hewa huingia kwa upande ulio wazi na kutokea upande wenye miguu. Feni nyingine zina mishale miwili kwenye fremu, mmoja unaonyesha mzunguko na mwingine upepo. Ila jihadharini: siku hizi zinauzwa feni zilizogeuzwa mapanga makusudi, ili mwenye kasha la kioo asitazame miguu. Hizo zinavuta kwa upande wenye miguu. Kwa hiyo kabla ya kufunga skrubu, iwashe na ushike ukanda wa karatasi laini mbele yake. Nimeshafungua makasha yenye feni tatu mbele, mbili zikiingiza na moja ikitoa, na mwenyewe amekaa nayo mwaka mzima.

Kasha hili nililoleta lina kioo ubavuni, feni mbili mbele zinaingiza, moja nyuma inatoa, na mbili juu zinatoa. Ndivyo lilivyokuja, na ndivyo vijana wengi wanavyofunga. Naomba kile chetezo. Nimetia ubani kidogo tu; msiniambie mhadhara umegeuka kuwa harusi. Chetezo nakiweka chini na mbali kidogo na uso wa kasha, kwa sababu moshi unaotoka kwenye kaa ni wa moto na hupanda wenyewe. Tukiusogeza karibu mno tutadanganyika. Uacheni upoe njiani, ufike mbele ya feni ukiwa mvivu.

Tazameni feni ya mbele ya juu. Moshi unaingia, unakwenda kama upana wa kiganja, halafu unapinda juu na kutoka kwenye feni ya kwanza ya darini. Haujafika kwa prosesa. Hewa mpya kabisa, iliyochujwa, imeingia na kutoka bila kazi. Feni zote mbili zinazunguka, taa zinawaka, programu inaonyesha kasi nzuri, na kati ya hewa yote ile prosesa haikupata chochote.

Sasa nachomoa waya wa feni hiyo moja ya juu, ile iliyo karibu na uso wa kasha, na kuziba tundu lake kwa kipande cha boksi. Mwaga ubani tena. Mnaona? Moshi unanyooka, unaingia kwenye kipozaji cha prosesa, na unatokea nyuma. Tumetoa feni na tumeboresha upoaji. Ile ya pili ya juu, iliyo juu ya prosesa au nyuma yake kidogo, iacheni. Inaokota hewa iliyokwisha kufanya kazi.

Hapa ndipo mtu huniambia, "Lakini mwalimu, joto hupanda juu." Linapanda, ni kweli. Tupime linapanda kwa nguvu gani. Kasha lenye kimo cha nusu mita, hewa ya ndani ikizidi ya nje kwa nyuzi 10: msukumo unaotokana na wepesi wa hewa ile ni karibu paskali 0.2. Feni ya kawaida ya kasha, ukiziba njia yake, husukuma kwa paskali 10 hadi 20. Yaani feni ina nguvu mara 50 hadi 100. Popote feni inapofanya kazi, hewa inakwenda inakoamriwa, juu au chini. Kupanda kwa joto kunahesabiwa kompyuta ikiwa haina feni, au feni zikiwa zimesimama. Tabia hiyo isiwe kisingizio cha kutoboa dari lote.

Kadi ya grafiki ina shida yake. Kadi nyingi za sasa zinavuta hewa kutoka chini kwa feni zake na kuimwaga ikiwa na joto ndani ya kasha lile lile, si nje. Kama feni yako ya mbele iko juu tu, kadi itakuwa inakunywa tena hewa yake yenyewe. Feni ya mbele ya chini ndiyo chakula cha kadi; mwenye feni moja tu ya kuingiza, na kadi yenye wati nyingi, aishushe iwe sawa na kadi. Na vile vibati vya nyuma vinavyoziba nafasi za kadi zisizotumika, chini ya kadi: ukivitoa kimoja au viwili huku hewa inayoingia ikizidi inayotoka, joto la kadi linapata mlango wa karibu. Nyaya? Zimesingiziwa mengi. Zifungeni kwa unadhifu kwa ajili ya fundi atakayefuata, lakini waya usioziba uso wa feni wala kugusa panga haubadilishi kitu cha kupimika.

Mpangilio wangu kwa kompyuta ya kijana wa harusi, basi, ni mbili mbele zenye wavu na chujio, moja nyuma, na ikibidi moja juu upande wa nyuma. Wanaotumia maji na rejeta wana hesabu yao: rejeta mbele humfurahisha prosesa na kumpelekea kadi hewa ya uvuguvugu, rejeta juu kinyume chake. Kwa kuwa kadi ndiyo yenye wati nyingi, mimi huweka juu.

Sasa vumbi, ambalo kwetu ni nusu ya somo. Hewa inayoingia lazima ilingane na inayotoka. Feni zisipokubaliana, nyufa ndizo zinazopatanisha. Nyumba ya Kiswahili yenye mlango wa mbele unaotazamana na wa uani hupitisha upepo kwa hiari, na ukifunga mmoja upepo utapenya kwa kila tundu la dirisha. Kasha lenye feni nyingi za kutoa kuliko za kuingiza linavuta hewa kwa kila upenyo: matundu ya USB, nafasi ya diski za DVD, maungio ya bati, na pembeni ya feni ya nyuma yenyewe, ambako inameza tena joto lililotoka muda si mrefu. Hakuna chujio katika njia hizo. Kasha lenye nguvu kubwa ya kuingiza linafanya kinyume: hewa inaingia kwa matundu mawili yenye chujio, na nyufa zote zinapumua kwenda nje. Vumbi linakusanyika mahali pamoja, unapoweza kulifikia.

Kwa mtu wa Dodoma, vumbi ni kavu na jekundu, ukilipuliza linaondoka. Kwa mtu wa Tanga au Mombasa, vumbi linakutana na unyevu na chumvi ya bahari, linakuwa kama blanketi kati ya mapezi ya kipozaji, na blowa linalipita juu juu tu. Hapo unahitaji brashi. Na mnapopuliza, tafadhali, shikeni mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Blowa linaweza kuizungusha feni kupita kasi iliyotengenezewa, bushi zikaharibika, na mota inayozungushwa kwa nguvu ya nje inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye mazabodi. Kelele ile ya feni kulia kama king'ora huwafurahisha wateja. Ni kelele ya kifaa kinachokufa.

Chujio lenyewe, likijaa, ni ukuta. Lioshwe kwa maji, likaushwe hadi likauke kweli, lirudi. Kila mwezi kwa aliye kando ya barabara ya vumbi. Wengine wanaweza kungoja zaidi.

Kuhusu ukubwa na kelele nitasema machache. Feni ya 140 huleta hewa ile ile ya feni ya 120 kwa mizunguko michache zaidi, na kwa hiyo kimya zaidi. Ukipunguza mizunguko kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, lakini kelele inashuka kwa desibeli 15 hivi. Ukiongeza feni ya pili inayofanana, kelele inapanda kwa desibeli 3 tu. Yaani feni mbili za nusu kasi zinakaribia kuleta hewa ya moja ya kasi kamili, kwa kelele pungufu sana. Hii ndiyo sababu pekee ya haki ya kuongeza feni kwenye kasha ambalo tayari lina njia nzuri. Mwenye studio ya kurekodi sauti atanielewa. Nunueni zenye pini 4, mazabodi izisimamie kasi yenyewe kwa kufuata joto.

Mbinu ya mtaani: kufungua ubavu wa kasha na kuelekezea feni ya mezani. Siicheki. Inapoza, na mara nyingi inapoza sana. Lakini mimi huitumia kama kipimo. Ipe kompyuta kazi nzito kwa nusu saa ikiwa imefungwa, andika joto la prosesa na kadi. Fungua ubavu, nusu saa nyingine, andika tena. Kama joto limeshuka kwa nyuzi nyingi, kasha linakabwa: tafuta kioo kilichoziba mbele, chujio lililojaa, feni iliyogeuzwa. Kama halikushuka, shida haiko kwenye hewa ya kasha. Fungua kipozaji, angalia kama pesti imekauka au skrubu moja haikukaza. Baada ya kipimo, funga ubavu. Kasha lililo wazi ni nyumba ya mende na mjusi, na mjusi akigusa pini za pawa saplai unampoteza yeye na kompyuta pia.

La mwisho, maana naona mwenyekiti anaangalia saa. Maofisini kuna zile meza zenye kijumba cha kuwekea kasha, kimezibwa pande tatu na mlango mbele. Mtu amepanga feni vizuri kabisa, halafu ameliingiza kasha humo na kufunga mlango. Hewa ya nyuzi 42 inatoka nyuma, inagonga ubao, inazunguka na kuingia mbele. Mzunguko unaofuata unaanzia 42, si 32, na programu inasoma prosesa nyuzi 95. Kwa hiyo mnapopima joto la hewa inayoingia, msipime katikati ya chumba wala dirishani. Wekeni kipimajoto sentimita chache mbele ya feni ya kuingiza, kasha likiwa mahali pake pa kila siku, kompyuta ikiwa imefanya kazi saa nzima. Joto hilo likizidi la chumba kwa nyuzi 3 au 4, acheni kasha, tafuteni seremala akatoe ubao wa nyuma wa meza.

Nakaribisha maswali, na chetezo bado kina moto kwa anayetaka kuleta kasha lake mbele.